Ugonjwa wa Paka Wanaopendana

Ukisafiri kwa barabara kuu kutoka Nairobi kwenda Mombasa, ukiisha kuipita Makindu na Kibwezi, utafika mahali ambapo mabasi huegesha, abiria hushuka kujinyoosha migongo, na madereva wa malori hutafuta chai na mahali pa kulala. Hapo ni Mtito Andei, karibu nusu ya safari. Jina ni la Kikamba, nalo wazee hulieleza kuwa ni msitu wa tumbusi. Lango la mbuga ya Tsavo Magharibi liko papa hapa mjini, na kila mgeni apitaye huuliza habari za ndovu na za simba.

Mimi leo sitaki kuzungumza habari za ndovu wala za simba. Nataka kuzungumza habari za paka saba waliokuwa nyumbani kwangu, ugonjwa ulioingia miongoni mwao, na jinsi nilivyolazimika kuigawa nyumba yangu sehemu mbili. Huenda msomaji ukacheka, ukasema, "Mwalimu amestaafu, sasa hana kazi ila kuuguza paka!" Cheka upendavyo, lakini usilikunje gazeti kwanza.

PAKA NA GHALA

Nilipostaafu ualimu nilifungua duka dogo la nafaka. Nauza mahindi, pojo, kunde na mbaazi. Kila auzaye nafaka huku Ukambani anamjua adui yake. Mvua ni haba, mavuno huja kwa bahati, na gunia lililotobolewa na panya ni hasara ambayo huwezi kumdai mtu. Sumu ya panya siipendi, maana kuku hudonoa kila kitu na wajukuu hucheza chini. Basi nikafuga paka.

Nilianza na mmoja jike, ambaye sasa ni mzee, nasi twamwita Bibi. Bibi akazaa, wengine wakaletwa na majirani, mwisho wakafika saba: Bibi mwenyewe, Sultani, dume mwenye kichwa kama ngumi, Karani, apendaye kulala juu ya daftari la madeni, Treni, aliyeokotwa karibu na reli, Kahawa, ambaye hajapata kumkosa panya, Majivu, binti wa mwisho wa Bibi, na Tui, mweupe kama tui la nazi.

Huyu Tui ndiye mwenye kisa. Alikuja kwa lori mwaka 2021. Dereva mmoja aliyekuwa akitoka pwani alimkuta ndani ya shehena ya nazi, mtoto wa paka wa wiki chache tu, macho yamejaa tongo, akaniletea dukani. "Mwalimu," akasema, "wewe una paka wengi. Huyu mmoja hatakushinda."

Nilimpokea. Sikumtenga hata siku moja. Nilimtia katika kikapu kimoja na Majivu, kwa kuwa umri wao ulikaribiana, na usiku ule ule Majivu akaanza kumlamba masikio. Sultani naye, ambaye kwa kawaida hakumpenda mgeni, akaja akamlamba kichwa kama mjomba anayempokea mpwa wake. Nyumba nzima tulifurahi. Laiti ningalijua.

Bila shaka wasomaji wengi mmesikia hadithi ya paka aliyekuwa akitafuta shujaa wa kuishi naye. Alianza kwa mnyama mdogo, mnyama huyo akashindwa na aliyemzidi, paka akahama. Akaendelea kuhama hivyo hivyo, kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine, hata akafika kwa simba na kwa ndovu. Kisha mwindaji akamwua ndovu, paka akamfuata mwindaji hadi nyumbani. Huko akamwona mwindaji akiweka silaha zake chini mbele ya mkewe. Paka akasema moyoni kwamba shujaa wa mashujaa ni huyu mama, akaingia jikoni, na hajatoka hadi leo.

Hadithi hii huipenda kwa sababu inasema kwamba paka ndiye aliyetuchagua sisi. Lakini mkataba wetu naye umekuwa wa upande mmoja. Mbuzi akiugua tunamwita daktari wa mifugo. Ng'ombe akiugua tunauza kuku ili tumnunulie dawa. Paka akiugua tunasema, "Atapona mwenyewe," na asipopona tunanyamaza. Mimi nilikuwa hivyo hivyo.

TUI AANZA KUKONDA

Alipopata umri wa mwaka mmoja hivi, Tui alianza kukonda. Manyoya yake, ambayo yalikuwa yakilala vizuri, yakasimama kama nyasi za kiangazi. Alikuja kwenye chakula, akanusa, akarudi nyuma kama aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Nilipomfungua mdomo niliona vidonda, na fizi zake, ambazo zilipaswa kuwa na rangi ya waridi, zilikuwa nyeupe kama karatasi.

Nilikwenda kwenye duka la dawa za mifugo, nikapewa dawa ya minyoo. Alipata nafuu wiki moja, kisha homa ikamrudia. Mwisho nilimtia ndani ya kikapu chenye kifuniko, nikapanda basi kwenda Nairobi. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo. Abiria aliyeketi kando yangu, alipokisikia kikapu kikilia, alihama kiti bila kuniaga.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye mikono mipole. Alimtazama fizi, akampapasa shingo na tumbo kutafuta tezi zilizovimba, akatoa damu kidogo, akadondosha matone ndani ya kipimo kidogo cha plastiki. Tukangoja kama dakika kumi. Alama ikatokea.

"Mama," akaniambia, "huyu ana lukemia ya paka. Je, nyumbani una wengine?"

"Ninao sita."

Akanyamaza kidogo, kisha akavuta kiti, akaketi. Daktari akiketi, msomaji, ujue maneno ni marefu.

UGONJWA WENYEWE

Alinieleza kwamba ugonjwa huu huletwa na virusi. Jina la lukemia huwafanya watu wadhani ni saratani ya damu peke yake, lakini sivyo. Virusi hivi hujificha ndani ya uboho wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Paka mmoja hupungukiwa damu, mwingine huota uvimbe wa saratani, na wengi huharibikiwa na kinga ya mwili, hata maradhi madogo ambayo paka mwingine angeyashinda kwa siku tatu, wao huwalaza miezi.

Virusi hivi viligunduliwa mwaka 1964 na William Jarrett na wenzake katika Chuo Kikuu cha Glasgow, huko Scotland. Kilichowaamsha ni kwamba paka kadhaa wa nyumba moja walikuwa wamepata saratani ya aina moja. Yaani tangu mwanzo wake, elimu ya ugonjwa huu ilianzia katika nyumba kama yangu, nyumba ya paka wengi.

Sasa sikiliza jinsi unavyoambukiza, maana hapo ndipo moyo wangu uliposhtuka. Virusi hukaa kwa wingi katika mate, na pia katika kamasi, mkojo, kinyesi na maziwa ya mama. Paka mgonjwa akimlamba mwenzake, humpa. Wakila katika bakuli moja kila siku, humpa. Mama huwapa wanawe. Kuumana pia huambukiza, lakini njia yake kubwa ni urafiki. Upo ugonjwa mwingine wa paka, unaofanana na ukimwi wa binadamu, ambao virusi vyake viligunduliwa mwaka 1986 huko California na Niels Pedersen na wenzake. Huo hupita zaidi kwa meno, kwa hiyo ni ugonjwa wa madume wagomvi. Lakini huu wa lukemia ni ugonjwa wa paka wanaopendana.

Nikakumbuka kile kikapu kimoja. Nikamkumbuka Majivu akilamba masikio.

Nilimwuliza daktari kama watu huambukizwa. Akasema hapana, wala mbwa, wala kuku, wala mbuzi. Nikauliza kama kuna dawa ya kuufuta. Akasema hakuna. Lakini akaongeza jambo ambalo naomba kila mwenye paka alishike: si kila paka akutanaye na virusi hivi hushindwa. Wengine miili yao huvifukuza kabisa. Wengine huvikandamiza vikalala usingizi ndani ya uboho, wakaishi miaka mingi bila kuugua, ingawa vinaweza kuamka. Wengine hushindwa, na hao wengi wao hufa ndani ya miaka mitatu hivi. Watoto wa paka ndio wanaoshindwa upesi zaidi. Paka mzima ana nguvu ya kujikinga.

Kwa sababu hiyo kipimo kimoja si hukumu. Miaka ya 1970, vipimo vilipoanza kupatikana Ulaya na Marekani, paka wengi walioonekana na virusi waliondolewa majumbani na kuuawa ili kuwaokoa wengine. Siku hizi madaktari hawashauri kumwua paka kwa sababu ya kipimo tu. Hushauri kupima tena, na kutenganisha.

Nilikodi gari, nikawapeleka wote sita. Bibi, Karani, Treni na Kahawa walikuwa salama. Majivu alikuwa nao. Sultani pia alikuwa nao.

KIKOMBE CHA BATI

Niliporudi, habari zilikuwa zimekwisha kuenea sokoni kwamba Mwalimu ana paka wenye "ukimwi wa paka". Jirani mmoja, mzee ninayemheshimu, alikuja jioni akakaa barazani.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu wa elimu. Sumu kidogo tu, kazi imekwisha."

Sikumjibu. Siku ya pili yake nilikwenda dukani kununua mabakuli. Nilitaka rangi mbili, ili hata mtoto asikosee: ya kijani kwa wazima, nyekundu kwa wagonjwa. Nikasimama pale nikiwa na bakuli jekundu mkononi, miguu ikakataa kutoka.

Nilikuwa na ndugu yangu mdogo, utingo wa malori katika barabara hii hii. Mwaka 1993 alirudi nyumbani amekonda. Ugonjwa wa ukimwi ulikuwa umetambuliwa nchini Kenya tangu mwaka 1984, lakini ulitajwa kwa kunong'ona tu. Serikali iliutangaza kuwa janga la kitaifa mwaka 1999, na wakati huo ndugu yangu alikuwa kaburini. Alikuwa na kikombe chake cha bati. Hakukichagua yeye. Mimi ndiye niliyekitia alama ya rangi nyekundu chini, ili watoto wasikitumie. Nilidhani ninafanya la hekima. Yeye aliiona alama ile siku ya kwanza, akanywa chai yake, akakisuza kikombe mwenyewe, akakiweka mbali na vyetu. Hakusema neno. Tangu siku hiyo hakuketi tena jikoni pamoja nasi.

Leo kila mwanafunzi anajua kwamba ukimwi hauambukizi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kuketi pamoja. Alama yangu haikumkinga mtu yeyote. Kazi iliyofanya ni moja tu, ya kumwambia mgonjwa kwamba tumekwisha kumzika.

Na sasa mimi yule yule nilikuwa nanunua bakuli jekundu.

Nilimpigia daktari simu, nikamweleza. Akaniambia, "Mama, hayo ni mambo mawili. Kwa binadamu yule kikombe hakikuwa na kosa. Kwa paka hawa bakuli ndilo njia yenyewe. Tenga bakuli. Usimtenge paka." Maneno hayo niliyaandika nyuma ya daftari la madeni, mahali ambapo Karani hulala, nayo yako pale mpaka leo.

KUIGAWA NYUMBA

Nyumba yangu ina baraza nyuma, upande wa mwarobaini. Nilimwita fundi akaizungushia waya wa kuku kutoka chini hadi kwenye mabati, akatia mlango wenye komeo. Ndani tuliweka rafu za mbao za kulalia, gogo la kukwaruzia kucha, na chumba kidogo cha nyuma cha kuwakinga na baridi ya usiku. Huko ndiko walikokaa Tui, Majivu na Sultani. Wanne wazima wakabaki na ghala na jikoni.

Kila upande ulikuwa na mabakuli yake, maji yake na mabeseni yake ya mchanga wa kujisaidia. Asubuhi nahudumia wazima kwanza, kisha wagonjwa, na nikitoka kwao nanawa mikono kwa sabuni. Virusi hivi, namshukuru Mungu, ni dhaifu sana nje ya mwili. Vikikauka hufa upesi, na sabuni au maji ya klorini huvimaliza. Jua la Mtito Andei nalo ni msaidizi wa bure. Mabakuli yote huanikwa juani.

Chakula ndicho kilichonifundisha zaidi. Sisi tumezoea kumpa paka ugali na mchuzi uliobaki. Lakini paka si kama mbwa. Mwili wake unahitaji nyama au samaki, maana ndani yake kuna viini ambavyo hawezi kuvipata katika unga. Basi nachemsha omena, au maini kidogo ya mbuzi, au vichwa vya kuku, nachanganya na ugali mdogo tu. Kwa wagonjwa kila kitu lazima kiive. Nyama mbichi na maziwa yasiyochemshwa yana vijidudu ambavyo paka mwenye kinga dhaifu hawezi kupigana navyo. Kwa sababu hiyo hiyo hawaruhusiwi kuwinda panya. Sultani, aliyekuwa jemadari wa ghala, alilia mlangoni siku tisa.

Kila Jumamosi, duka likiisha kufungwa, nawapima wote juu ya mizani ya maharagwe. Namtia paka kikapuni, nasoma, natoa uzito wa kikapu, naandika. Jicho la mpenzi hudanganya, mizani haidanganyi. Paka akipungua wiki mbili mfululizo, natazama fizi, natazama meno, na simu napiga siku hiyo hiyo. Homa, mafua au kuhara, mambo ambayo zamani ningaliyangoja yapite, sasa siyangoji. Mgonjwa wa namna hii huponea katika kuwahi.

Hali kadhalika madume yote yalihasiwa na majike yakafungwa kizazi, kwa kuwa jike mgonjwa huwapa wanawe ugonjwa, na dume asiyehasiwa hutoroka akapigana. Viroboto nawachana kwa kitana. Chanjo ya kichaa cha mbwa wamepata wote, maana Makueni ni miongoni mwa kaunti zilizotangulia katika mpango wa taifa wa mwaka 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huo, na watu husahau kwamba paka naye huupata. Ipo pia chanjo ya lukemia ya paka, ambayo ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1985. Humsaidia paka mzima asiambukizwe, ingawa si ngao kamili, wala haimponyi aliyekwisha ambukizwa. Mwulize daktari wako. Na sheria ya mwisho ni hii: paka mgeni haingii tena kwangu, hata akija analia kama mtoto, asipotengwa na kupimwa kwanza.

Baada ya miezi mitatu tulipima tena. Wanne wazima walikuwa bado wazima. Tui na Majivu walikuwa bado nao. Lakini Sultani, msomaji, kipimo chake kilikuwa safi! Daktari alisema mwili wake wa utu uzima umevikandamiza virusi, na kwamba tumwangalie, kwa sababu huenda vimelala tu. Kama ningalimsikiliza yule mzee wa sumu, Sultani angalikuwa ardhini. Tukampima mara nyingine baadaye, kikawa safi vilevile, akafunguliwa mlango. Usiku huo aliua panya wawili akawapanga mbele ya chumba changu.

USIMTUPE TSAVO

Wapo walionishauri njia waliyoiona ya huruma. "Usiwaue, Mwalimu. Wapeleke tu porini. Tsavo ni kubwa, Mungu atawalisha."

Shauri hili ni baya kuliko la sumu, nami nitaeleza kwa nini. Paka wa nyumbani ana jamaa zake porini. Paka-mwitu wa Afrika, yule wa rangi ya majani makavu mwenye miguu mirefu, ni wa ukoo mmoja na paka wetu. Wataalamu wanasema paka wa nyumbani wote duniani walitokana na paka-mwitu wa namna hiyo. Wakikutana wanaweza kuzaana, na wanaweza kupeana maradhi.

Yamekwisha kutokea kwingine. Katika jimbo la Florida, Marekani, kati ya mwaka 2002 na 2004, ugonjwa huu uliingia miongoni mwa puma wa huko, wanyama ambao idadi yao ilikuwa ndogo sana, na uchunguzi ulionyesha kwamba ulitoka kwa paka wa nyumbani. Mwaka 2007 uliwaua simbamangu adimu wa kusini mwa Hispania. Paka mmoja aliyetupwa anaweza kuanzisha msiba ambao hakuna atakayejua ulianzia kikapu cha nani.

Sisi watu wa Mtito Andei tunaishi ukingoni mwa mbuga. Tunalalamika, na ni haki yetu, ndovu wanapoingia mashambani mwetu. Basi na sisi tusiwapelekee wanyama wa upande wa pili msiba wetu ndani ya gunia.

MAJIVU

Majivu aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya kupimwa. Si mingi, lakini haikuwa miezi ya mateso. Alilala juani, alinenepa kidogo wakati wa mvua za vuli, alimlamba Tui masikio kila jioni, na hapo sikuwa na sababu ya kuwatenganisha, kwa maana wote wawili walikuwa nao tayari. Mwisho wa mwaka 2023 damu ilimpungua hata pumzi ikawa ya haraka kama ya mtu aliyepanda mlima. Daktari alikuwa ameniambia tangu mapema, "Siku atakapokataa chakula na maji, na pumzi ikawa nzito, usimwache ateseke kwa ajili ya machozi yako." Nilimpeleka. Ilikuwa sindano moja, naye kichwa chake kikiwa mkononi mwangu. Tulimzika chini ya mwarobaini.

Jioni ile mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka sita, alinifuata barazani nilipokuwa nikisuza bakuli jekundu.

"Susu," akauliza, "kwa nini hawa wa huku wana sahani zao peke yao? Ni wabaya?"

Nikamwambia, "La. Ni wagonjwa, na ugonjwa wao hupita kwenye sahani. Upo ugonjwa mwingine ambao haupiti kwenye sahani, lakini watu wazima hawakujua, wakakosea."

"Nani alikosea?"

"Mimi."

Alifikiri kidogo, kisha akaniomba nimfungulie komeo. Akaingia, akaketi sakafuni kando ya Tui, akaweka mkono mgongoni mwake. Nilimkumbusha tu kwamba akitoka anawe mikono kabla ya kumshika Bibi. Akaitikia.

Huu ni mwaka wa tatu tangu Tui apimwe. Vidonda vya mdomo humrudia mara kwa mara, naye hupata dawa. Jumamosi iliyopita mizani ilisema kilo tatu na robo. Sijui atafika lini, na mizani haisemi. Kila jioni, duka likiisha kufungwa, nachukua kikombe changu cha chai nakwenda kunywa naye ndani ya waya, badala ya kunywea jikoni. Anajilaza juu ya miguu yangu, namchana manyoya, malori yanapita.

Ewe msomaji mwenye paka wengi, kama mmoja wao anakonda na fizi zake zimekuwa nyeupe, usingoje na usitupe. Mpime. Kisha wapime wenziwe. Ukiambiwa wagonjwa watengwe, watenge kwa mlango na kwa bakuli, lakini wewe mwenyewe uwe upande wote wa mlango.